Waziri wa Afya Anaposimama Bungeni: Somo kwa Mkaazi wa Kwale

Kuna swali ambalo wahudumu wa afya wa pwani ya kusini, kuanzia Waa hadi Vanga, wamelizoea. Mgonjwa anafika dirishani, anaambiwa usajili wake haujakamilika au kuna kitu cha kulipia, naye anauliza: "Kwani Waziri si alisema ni bure?"

Swali hilo ni la haki. Lakini jibu lake mara nyingi haliko kwa mhudumu aliye dirishani. Liko mbali zaidi, katika ukumbi wa Bunge, pale Waziri wa Afya alipotoa hoja, alipojibu maswali, au alipoahidi jambo ambalo bado halijawa sheria wala halijatengewa pesa. Anayejua kusikiliza mijadala hiyo hujua mapema nini kitafika zahanati ya kijijini kwake, nini kitachelewa, na nini hakitafika kabisa.

Somo hili linafuata kazi ya mawaziri wa afya bungeni kwa miaka mingi, hasa mjadala mkubwa wa bima ya afya wa mwaka 2004. Kisha linaeleza yaliyobadilika tangu Katiba ya 2010, na namna mkaazi wa Kwale anavyoweza kuingiza sauti yake kabla sheria haijapitishwa.

Tulikotoka: bure, kisha ada, kisha bima

Mwaka 1965, miaka miwili baada ya uhuru, Serikali iliondoa ada kwa wagonjwa wasiolazwa katika vituo vya umma. Mwaka uliofuata, 1966, wakati Joseph Otiende akiwa Waziri wa Afya, Bunge lilianzisha hazina ya kitaifa ya bima ya hospitali, ile iliyokuja kujulikana na wengi kama NHIF. Mwanzoni hazina hiyo ilikuwa ya walioajiriwa kwa mshahara wa shilingi 1,000 au zaidi kwa mwezi. Mvuvi wa Gazi, mgema wa Msambweni na mfugaji wa Kinango hawakuwemo. Mwaka 1972 mlango ulifunguliwa kwa wanaojiandikisha kwa hiari, lakini kwa miaka mingi bima ilibaki kuwa jambo la wenye mshahara.

Desemba 1989, wakati nchi nyingi za Afrika zikibanwa na madeni na masharti ya wakopeshaji, Serikali ilileta mpango wa kuchangia gharama. Wagonjwa wakaanza tena kulipa hospitalini. Waziri wa Afya wakati huo alikuwa Mwai Kibaki, aliyehamishiwa wizara hiyo mwaka 1988 baada ya kuondolewa katika umakamu wa Rais. Idadi ya wagonjwa ilishuka, malalamiko yakapanda, na Septemba 1990 ada ya wasiolazwa ikasimamishwa. Baadaye ilirudishwa kwa awamu.

Jina la Kibaki lifaa kukumbukwa, kwa sababu litarudi katika habari hii likiwa na cheo kingine.

Charity Ngilu na mswada wa 2004

Uchaguzi wa Desemba 2002 uliiingiza NARC madarakani. Kibaki akawa Rais, na Januari 2003 akamteua Charity Ngilu, mbunge wa Kitui ya Kati, kuwa Waziri wa Afya. Kwa Katiba ya wakati huo waziri alikuwa pia mbunge. Alikaa ukumbini na wenzake, aliwasilisha miswada ya wizara yake mwenyewe, alijibu maswali ya wabunge ana kwa ana, na alipiga kura.

Mambo mawili ya Ngilu yanamgusa mkaazi wa Kwale hadi leo.

La kwanza ni sera ya Julai 2004 iliyojulikana kama "kumi-ishirini". Mgonjwa alipaswa kulipa shilingi 10 katika zahanati na shilingi 20 katika kituo cha afya, basi. Watoto wa chini ya miaka mitano na baadhi ya magonjwa kama malaria na kifua kikuu hawakulipishwa. Hiyo ilikuwa sera ya wizara, si sheria ya Bunge.

La pili lilikuwa kubwa zaidi: mswada wa hazina ya kitaifa ya bima ya afya ya jamii. Wazo lake lilikuwa rahisi kueleza. Kila Mkenya awe ndani. Mwenye mshahara akatwe kulingana na mapato yake, aliyejiajiri achangie kiasi chake, na asiyejiweza Serikali imlipie. Mzima amsaidie mgonjwa, mwenye nacho amsaidie asiye nacho. Hazina hiyo ingechukua nafasi ya NHIF na kugharimia wanaolazwa pamoja na wasiolazwa.

Mjadala ulikuwa mkali, ndani na nje ya Bunge. Waliouunga mkono walisema ugonjwa mmoja unatosha kuuza ng'ombe wa familia, shamba na mabati ya nyumba. Waliopinga nao walikuwa na hoja zao. Waajiri waliogopa makato mapya juu ya yale yaliyokuwepo. Kampuni binafsi za bima na za matibabu ziliona biashara yao ikiingia hatarini. Na ndani ya Serikali yenyewe kulikuwa na hofu ya gharama: pesa za kuwalipia maskini zingetoka wapi kila mwaka?

Desemba 2004 Bunge liliupitisha mswada huo. Kwa wengi ilionekana kazi imekwisha. Lakini mswada ukisha kupita ulihitaji sahihi ya Rais, na Rais Kibaki hakuutia sahihi. Aliurudisha Bungeni. Kwa Katiba ya zamani, wabunge wangeweza kumpiku Rais kwa kura za asilimia 65 ya wabunge wote. Hilo halikufanyika. Mswada uliopigiwa makofi ukabaki karatasi.

Kwa hiyo aliyekuwa Waziri wa Afya siku ada zilipoletwa mwaka 1989 ndiye aliyekuwa Rais siku mswada wa bima kwa wote uliporudishwa mwaka 2004. Somo hapa si la kumlaumu mtu. Somo ni kwamba hoja nzuri ya Waziri, hata ikipita kwa kura, bado inasubiri sahihi na pesa. Kati ya makofi ya Bunge na dawa ya zahanati kuna milango kadhaa, na mzito kuliko yote ni ule wa Hazina ya Kitaifa.

Kwale ilivyoipima sera ya Waziri

Je, "kumi-ishirini" ilifika huku? Jibu lipo, kwa sababu Kwale ilikuwa moja ya wilaya mbili, pamoja na Makueni, ambako watafiti walikwenda kuangalia. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2009, yalionyesha kwamba sera hiyo haikufuatwa ipasavyo. Vituo viliendelea kutoza zaidi ya kiwango kilichotangazwa.

Sababu hazikuwa ukaidi tu. Zahanati zilikuwa zikitegemea ada kumlipa mlinzi na mfagizi, kununua mafuta ya taa na kuziba pengo dawa zilipokwisha. Ada ilipokatwa, mapato yalishuka na hakukuwa na kitu cha kutosha kilichowekwa mahali pake. Waziri alipunguza bei kutoka Nairobi, lakini aliyeachiwa tundu la bajeti ni msimamizi wa zahanati.

Dawa ya tatizo hilo nayo ilijaribiwa hapa kwetu. Kuanzia mwaka 2005, katika uliokuwa Mkoa wa Pwani, pesa zilianza kutumwa moja kwa moja katika akaunti za benki za vituo vya afya na zahanati. Kwale ilikuwa miongoni mwa wilaya ambako mpango huo ulifanyiwa utafiti. Pesa zilisimamiwa na kamati ya kituo yenye wanakijiji ndani yake. Majengo yalikarabatiwa na wahudumu wakapata moyo wa kazi, ingawa wakaazi wengi hawakujua kwamba pesa hizo zipo wala kazi ya kamati yao. Mwaka 2010 wazo hilo lilipelekwa nchi nzima kupitia mfuko wa kitaifa wa huduma za afya.

Ada za zahanati na vituo vya afya ziliondolewa kabisa kuanzia Juni 2013, pamoja na malipo ya kujifungua katika hospitali za umma. Swali lile lile likarudi: nani anafidia kituo, na pesa zinafika lini?

Kanuni, sheria na moshi wa sigara

Kuna funzo jingine kutoka kwa kipindi cha Ngilu, na linahusu tofauti kati ya amri ya Waziri na sheria ya Bunge.

Miswada ya kudhibiti tumbaku ilikwama kwa miaka. Mwaka 2006 Waziri alijaribu njia ya mkato kwa kutangaza masharti ya kuzuia uvutaji wa sigara katika maeneo ya umma. Kampuni za tumbaku zilikwenda kortini, na masharti hayo yakasimamishwa. Ndipo suala likarudi Bungeni. Sheria ya kudhibiti tumbaku ilipitishwa mwaka 2007 na kuanza kutumika Julai 2008. Hiyo ndiyo inayomlinda hadi leo mhudumu wa hoteli ya Diani asivute moshi wa mgeni kazini, na abiria wa matatu ya Likoni–Ukunda.

Kanuni zilizotungwa chini ya sheria hiyo mwaka 2014 nazo zilipingwa kortini, hadi Mahakama ya Juu. Novemba 2019 mahakama hiyo iliziidhinisha, baada ya kuridhika kwamba umma ulishirikishwa. Katika uamuzi huo majaji walieleza pia ushirikishwaji wa umma wa kweli unapaswa kuwa na nini: taarifa zilizo wazi, muda wa kutosha, na maoni yanayosikilizwa kweli badala ya kukusanywa kwa ajili ya kutimiza wajibu.

Tofauti iko wazi. Masharti yaliyotangazwa bila msingi imara yalisimamishwa. Yale yaliyopitia Bunge na wananchi yalisimama, hata mbele ya kampuni zenye mawakili wakubwa.

Katiba ya 2010: Waziri si mbunge tena

Katiba mpya ilibadilisha mambo manne makubwa katika habari hii.

Kwanza, afya bora ikawa haki. Ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa, na inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Hii si ahadi ya Waziri. Ni haki anayoweza kuidai mahakamani.

Pili, Waziri akatolewa katika viti vya Bunge. Leo Waziri wa Afya hapigi kura na hawasilishi mswada yeye mwenyewe. Miswada ya Serikali huwasilishwa na Kiongozi wa Wengi. Lakini kwa Ibara ya 153, Waziri lazima afike mbele ya kamati ya Bunge la Kitaifa au Seneti anapoitwa, na ajibu maswali kuhusu wizara yake. Baada ya kanuni za Bunge kurekebishwa, tangu mwaka 2023 mawaziri wanaitwa pia katika kikao cha Bunge zima kujibu maswali ya wabunge na maseneta.

Aden Duale ni mfano mzuri wa mabadiliko hayo. Kuanzia 2013 hadi 2020 alikuwa Kiongozi wa Wengi katika Bunge la Kitaifa, kazi yake ikiwa kuwasilisha na kutetea miswada ya Serikali. Mwaka 2025 aliteuliwa kuwa Waziri wa Afya. Ukumbi ni ule ule, lakini sasa huingia kama mtu aliyeitwa kujibu.

Tatu, huduma nyingi za afya zilihamia kaunti. Sera ya afya na hospitali kuu za rufaa za kitaifa zilibaki kwa Serikali ya Kitaifa. Hospitali za kaunti, vituo vya afya, zahanati, ambulensi na huduma za msingi ni za kaunti. Kwa hiyo Hospitali ya Rufaa ya Msambweni, hospitali za Kwale na Kinango, na zahanati iliyo jirani ziko chini ya Serikali ya Kaunti. Waziri wa Nairobi akitangaza huduma mpya, mara nyingi mtekelezaji ni kaunti.

Nne, ushirikishwaji wa umma ukawa sharti la kutunga sheria, katika Bunge na katika Bunge la Kaunti.

Sheria za 2023: mswada wa zamani warudi kwa sura mpya

Oktoba 19, 2023, karibu miaka 19 baada ya mswada wa Ngilu kupitishwa, Rais William Ruto alitia sahihi sheria nne za afya: ya bima ya afya ya jamii, ya huduma za afya za msingi, ya afya ya kidijitali, na ya kuboresha vituo kwa mapato yake. Waziri wakati huo alikuwa Susan Nakhumicha.

Wazo kuu la 2004 linaonekana humo waziwazo: kila mtu ndani, kila mmoja kwa uwezo wake. NHIF ilivunjwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ikaanza kazi Oktoba 1, 2024. Kuna mifuko mitatu. Mfuko wa huduma za msingi hulipia huduma za zahanati na vituo vya afya, na mgonjwa aliyesajiliwa hatozwi. Mfuko wa bima hulipia huduma za hospitalini kwa aliyechangia. Mfuko wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu, bima inapokwisha.

Mchango ni asilimia 2.75 ya mapato, na usipungue shilingi 300 kwa mwezi. Tuangalie maana yake kwa watu wawili.

Mfanyakazi wa hoteli Diani mwenye mshahara wa shilingi 20,000 alikuwa akikatwa shilingi 750 na NHIF. Sasa anakatwa shilingi 550. Mwenzake mwenye mshahara wa shilingi 100,000 alikuwa akikatwa 1,700. Sasa ni 2,750. Aliye chini amepunguziwa na aliye juu ameongezewa, kama hoja ya mshikamano inavyotaka.

Mvuvi wa Shimoni au mama wa kilimo cha mwani Kibuyuni hana hati ya mshahara. NHIF ilimtoza shilingi 500 kwa mwezi. Sasa kaya yake inakadiriwa kwa maswali kuhusu nyumba, mali na maisha yake, kisha inatakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima. Hata kwa kiwango cha chini kabisa, shilingi 300 mara miezi 12 ni shilingi 3,600. Kwa mwezi kiwango kimeshuka, lakini kulipa kwa mkupuo wakati wa kusi kali, bahari imechafuka na madau yako ufukweni, ni mtihani. Jambo kama hili ndilo linalopaswa kusemwa wakati mswada unajadiliwa, na anayelijua vizuri kuliko Waziri ni mvuvi mwenyewe.

Kisha likatokea la mahakama. Julai 12, 2024, Mahakama Kuu ilizitangaza sheria tatu kati ya hizo kuwa kinyume cha Katiba, moja ya sababu ikiwa upungufu wa ushirikishwaji wa umma. Septemba mwaka huo Mahakama ya Rufani ilisimamisha utekelezaji wa uamuzi huo, na mfumo mpya ukaendelea. Funzo ni kwamba maoni ya mwananchi si pambo la mkutano. Sheria ya nchi nzima inaweza kutikisika kwa sababu watu hawakuulizwa sawasawa.

Sheria ya nne, ya mapato ya vituo, inarudisha lile lililojaribiwa Pwani tangu 2005: pesa zinazokusanywa na hospitali ya umma zibaki hospitalini na zitumike hapo, badala ya kwenda kwenye mfuko mkuu wa kaunti na kusubiri kurudi.

Ng'ambo ya Horohoro

Jirani zetu wa Tanzania walikuwa na mjadala kama huu wakati uo huo. Huko waziri bado ni mbunge, kama ilivyokuwa Kenya kabla ya 2010. Aliyesimama kuutetea mswada wa bima ya afya kwa wote alikuwa Ummy Mwalimu, Waziri wa Afya na mbunge wa Tanga Mjini, mwendo mfupi kutoka mpaka wa Lunga Lunga.

Mswada ulifikishwa Bungeni Dodoma mwaka 2022 lakini ukacheleweshwa. Swali lililokwamisha lilikuwa lile lile la Ngilu: pesa za kuwalipia wasio na uwezo zitatoka wapi? Bunge liliupitisha Novemba 2023. Nchi mbili, mifumo miwili ya Bunge, swali moja.

Maswali matano ya kumpima Waziri

Msikiaji wa redio au mtazamaji wa kikao cha Bunge anaweza kupima kauli ya Waziri yeyote wa Afya kwa maswali matano.

1. Hii ni sheria, ni kanuni, ni sera au ni ahadi? Sheria hudaiwa kortini. Ahadi husubiriwa.

2. Nani analipa? "Bure" maana yake ni kwamba mtu mwingine amelipa. Kama Waziri hakutaja mfuko, bado hajamaliza kueleza.

3. Pesa zimo katika bajeti ya mwaka huu? Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Jambo ambalo halimo katika makadirio haliwezi kuanza kwa ukamilifu.

4. Nani anatekeleza, taifa au kaunti? Ukijua hilo, utajua pia pa kupeleka lalamiko.

5. Linamhusu nani, na kwa sharti gani? Huduma ya zahanati isiyotozwa bado inahitaji usajili wa SHA. Kulazwa hospitalini kunahitaji mchango uliolipwa.

Kwa maswali haya, yule mgonjwa wa mwanzo wa makala anaweza kujijibu. Huenda Waziri alisema kweli kwamba ni bure, lakini alizungumzia ngazi ya zahanati na kituo cha afya, kwa aliyesajiliwa. Au alizungumzia mpango ambao haujaanza. Na kama kituo kinamtoza kwa huduma ambayo sheria imeilipia, basi ana haki ya kuuliza kwa maandishi, kuanzia kwa msimamizi wa kituo na kamati yake.

Sauti ya mkaazi inapopitia

Mswada husomwa mara ya kwanza, kisha hupelekwa kwa kamati. Hapo ndipo umma hualikwa kutoa maoni, kwa matangazo ya magazeti na tovuti ya Bunge. Baadaye hujadiliwa katika kusomwa mara ya pili, vifungu hupitiwa kimoja kimoja, husomwa mara ya tatu, halafu hupelekwa kwa Rais. Miswada inayohusu kaunti hupita Bunge la Kitaifa na Seneti. Nafasi kubwa ya mwananchi ni ile ya kamati. Ikipita hiyo, kubadilisha neno moja ni kazi ngumu.

Kwale ina wabunge wanne, wa Matuga, Msambweni, Kinango na Lunga Lunga, pamoja na Mwakilishi wa Wanawake na Seneta. Yeyote kati yao anaweza kumuuliza Waziri swali kwa niaba ya mkaazi. Swali lenye nguvu lina mahali, tarehe na kiasi: kituo gani, dawa gani, imekosekana tangu lini.

Katika kaunti, Waziri wa Afya wa kaunti naye si mjumbe wa Bunge la Kaunti, lakini huitwa na kamati za bunge hilo kueleza kazi ya idara yake. Wawakilishi 20 wa wadi ndio wanaoidhinisha bajeti ya hospitali na zahanati. Mkaazi anaweza kuandika ombi rasmi kwa Bunge la Kaunti kupitia kwa karani, au kwa Bunge la taifa chini ya Ibara ya 119. Ombi haliandikwi kwa Kiingereza cha mawakili. Kiswahili ni lugha rasmi.

Yanayosemwa Bungeni huhifadhiwa katika kumbukumbu rasmi, Hansadi, ambazo ziko wazi kwa kila mtu. Kwa hiyo Waziri akiahidi jambo, ahadi hiyo ina tarehe na ukurasa. Kikundi cha akina mama, chama cha wavuvi au kamati ya zahanati inaweza kuiweka mezani mwaka mmoja baadaye na kuuliza imefikia wapi.

Ya kujadili katika baraza, kikundi au darasa

1. Kwa nini mswada wa 2004 ulipita Bungeni lakini haukuwa sheria? Nani alikuwa na uwezo wa kuuokoa?

2. Sera ya "kumi-ishirini" ilipunguza bei lakini vituo vikaendelea kutoza. Kama wewe ungekuwa katika kamati ya zahanati, ungemwomba Waziri nini kabla hajatangaza?

3. Kaya ya mvuvi, ya mkulima wa korosho na ya mwendesha bodaboda hupata pesa kwa nyakati tofauti za mwaka. Mchango wa bima ungepangwaje ili kila mmoja aweze kulipa?

4. Wajumbe wa kamati ya zahanati yenu ni akina nani, na mara ya mwisho walisoma hesabu mbele ya wanakijiji lini? Kama hakuna anayejua, huo ndio mwanzo wa barua yenu ya kwanza.